Mitishamba na tumbo baada ya antibayotiki: kipi hulinda, kipi huzidisha madhara

Katika soko la Owino jijini Kampala, upande wa wauza mitishamba, fungu moja la majani makavu linaweza kununuliwa na wateja wawili waliokuja na haja zinazopingana. Wa kwanza anaumwa tumbo na anataka dawa ya kuua vijidudu. Wa pili amemaliza vidonge vya siku saba alivyopewa kliniki, tumbo linanguruma, choo hakishikiki, naye anataka kitu cha kulirudisha tumbo lake katika hali yake ya zamani. Wote wawili wanaweza kuondoka na majani yaleyale machungu ya mululuza, na maelekezo yaleyale ya kuchemsha na kunywa asubuhi na jioni. Muuzaji hawadanganyi; ujuzi huo ameupokea kwa wazee wake na anauamini. Hata hivyo kazi hizo mbili ni kinyume, na mmea unaofaa kwa ya kwanza una kila sababu ya kutofaa kwa ya pili.

Ili kuona kwa nini, inatubidi tuanze ndani ya utumbo mpana. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 yanasema kuwa mtu mzima hubeba bakteria wapatao trilioni 38, na karibu wote wanaishi humo. Hawakai bure. Wanakula nyuzinyuzi za maharage, mboga na nafaka, pamoja na wanga ambao utumbo mwembamba umeshindwa kuusaga, kisha wanatoa asidi ndogo ndogo, mojawapo ikiitwa butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha chembe hai za ukuta wa utumbo mpana. Wanaibadilisha nyongo inayoshuka kutoka kwenye ini iwe ya aina inayozuia bakteria hatari asichipue. Zaidi ya hayo, kwa kuwa wamejaa kila mahali, wanamnyima mgeni mbaya nafasi na chakula.

Antibayotiki, ambazo vitabu vya Kiswahili huziita viuavijasumu, hazina macho ya kumtenga adui na mkazi. Mtu anapomeza amoksilini kwa ajili ya kifua, au siprofloksasini kwa ajili ya njia ya mkojo, dawa hiyo hupita pia katikati ya wakazi wa utumbo na kuwaangusha wale wanaodhurika nayo. Kati ya watu 100 wanaotumia antibayotiki, 5 hadi 35 hupata kuhara, kutegemea aina ya dawa, umri na hali ya mgonjwa.

Lakini kuhara huko hakuna chanzo kimoja, na hapa ndipo ushauri mwingi wa mitaani unapopotea njia. Kuna kuhara kunakotokana na dawa yenyewe: erithromaisini, kwa mfano, husukuma misuli ya tumbo ifanye kazi kwa kasi, na hilo hukoma dawa inapokoma. Kuna kuhara kunakotokea kwa sababu wale waliokuwa wakila wanga na nyuzinyuzi wamepungua, hivyo chakula kisichosagwa kinabaki utumboni na kuvuta maji. Tena kuna aina ya tatu, adimu lakini mbaya kuliko zote, ambapo bakteria aitwaye Clostridioides difficile hupata nafasi iliyoachwa wazi, huzaliana na kutoa sumu inayochubua ukuta wa utumbo. Dawa kama klindamaisini, siprofloksasini na sindano za jamii ya sefalosporini zinajulikana sana kwa kumfungulia mlango bakteria huyo. Kikombe cha majani kinachoonekana kumsaidia mgonjwa wa aina ya kwanza, ambaye angepona bila kitu chochote, kinaweza kumchelewesha mgonjwa wa aina ya tatu asifike hospitali kwa wakati.

Lipo jambo jingine la kuzingatia kabla ya kuutazama mmea wowote. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Denmark kwa wanaume 12 wenye afya njema, waliopewa mchanganyiko wa antibayotiki tatu kali kwa siku 4. Baada ya mwezi mmoja na nusu hivi, jamii ya bakteria matumboni mwao ilikuwa imekaribia sana ilivyokuwa mwanzo. Lakini hata baada ya siku 180, spishi 9 ambazo kabla ya dawa walikuwa nazo wote zilikuwa bado hazijaonekana tena kwa wengi wao. Utafiti huo unafundisha mambo mawili kwa pamoja. Hasara inaweza kudumu, kwa hiyo anayeijali si mwoga wa bure. Aidha, sehemu kubwa ya tumbo hujirudisha yenyewe, na hilo linamaanisha kwamba mgonjwa aliyeanza kunywa mululuza katika wiki ya pili atausifu mululuza katika wiki ya sita, kama vile ambavyo jirani yake angesifu mwarobaini, au maji ya moto, au chochote kingine alichokuwa akinywa katika wiki hizo.

Tuuchukue basi mululuza wenyewe, ambao wataalamu wa mimea huuita Vernonia amygdalina. Sina nia ya kuudharau. Ni mmea wenye nguvu za kweli. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale nchini Tanzania, mtafiti Michael Huffman na mwenzake Mohamedi Seifu Kalunde, ambaye alikuwa mjuzi wa mimea ya huko, walimwona sokwe jike mgonjwa akimenya ganda la shina la mmea huo na kutafuna kiini chake kichungu, jambo ambalo sokwe wazima kwa kawaida hawalifanyi, na baadaye akapata nafuu. Uchunguzi wa maabara uliofuata uliukuta uchungu huo ukiwa na kemikali zinazodhuru vimelea. Basi nguvu ya mululuza iko katika kuua. Mtu mwenye minyoo ana sababu ya kuuheshimu. Mtu ambaye utumbo wake umetoka kupigwa na kiuavijasumu, na ambaye shida yake ni uchache wa wakazi, anaongeza kiuaji kingine juu ya kile cha kwanza. Hoja hii hii inauhusu mwarobaini, na inalihusu ganda la Warburgia ugandensis, mti uliobeba jina la nchi yetu na ambao magome yake makali hutafunwa kwa kikohozi na kwa tumbo. Kila mmea unaosifiwa kwa kuua vijidudu unapaswa kuulizwa swali moja: vijidudu vipi? Mwarobaini una la ziada: mafuta ya mbegu zake yamewahi kuwaletea watoto wadogo sumu kali ya ini na ubongo, na hayapaswi kabisa kunyweshwa mtoto.

Kitunguu saumu ni habari ndefu kidogo, kwa sababu kina sura mbili. Kikipondwa kibichi hutoa alisini, kemikali yenye harufu ile tunayoijua, nayo huua bakteria wa aina nyingi. Kikipikwa ndani ya mchuzi, sehemu kubwa ya alisini hupotea, lakini hubaki sukari za mnyororo ambazo sisi hatuwezi kuzisaga na bakteria wema wa utumbo mpana huzipenda. Kwa hiyo punje mbili ndani ya sufuria ya maharage ni chakula cha wakazi wale, wakati punje tano mbichi zinazomezwa alfajiri kabla ya kula ni jambo jingine kabisa, na kwa utumbo uliochubuka huwa ni moto. Nchi yetu ina watu wengi wanaoishi na virusi vya ukimwi, na wao wanahitaji kujua pia kwamba utafiti uliofanywa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionyesha kuwa vidonge vya kitunguu saumu vilipunguza kiwango cha saquinavir, mojawapo ya dawa za kupambana na virusi hivyo, katika damu kwa takribani nusu. Dawa hiyo si ile inayotolewa katika vituo vyetu leo, lakini funzo linabaki: kitu cha jikoni, kikitumiwa kwa kipimo cha dawa, kinaweza kuivuruga dawa.

Shubiri, au kigagi kama wengi Uganda tunavyoiita kwa kufuata Kiganda, ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko yote. Watu huikata, huchanganya utomvu wote na maji, na kunywa wakiamini kwamba inapoza utumbo kama inavyopoza ngozi iliyoungua. Ndani ya jani hilo kuna vitu viwili. Ute mweupe wa katikati ni mpole. Maji ya njano yaliyo chini ya ganda yana aloini, ambayo ni dawa ya kuharisha, na yenye nguvu. Mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiondoa katika dawa za kuharisha zinazouzwa bila cheti cha daktari. Mtu anayehara kwa sababu ya antibayotiki akinywa jani zima anajiongezea kuhara na kupoteza maji na chumvi mwilini. Mjamzito asiiguse.

Tangawizi na majani ya mpera yana nafasi yao, ilimradi tusiyape kazi isiyo yao. Tangawizi hutuliza kichefuchefu, na kichefuchefu ni mwenzi wa kawaida wa metronidazoli na erithromaisini. Kikombe cha chai ya tangawizi baada ya kula kinaweza kumsaidia mgonjwa amalize dozi yake badala ya kuiacha katikati. Majani ya mpera yana tanini na kwasetini, ambazo hukaza utumbo na kupunguza mwendo wake, na ndiyo maana bibi zetu waliyachemsha kwa ajili ya kuhara muda mrefu kabla ya maabara kuyachunguza. Hata hivyo kupunguza kuhara si kurudisha wakazi. Na pale ambapo kuhara kunaletwa na Clostridioides difficile, kuufanya utumbo usitembee kunaweza kuifungia sumu ndani.

Sasa nifike kwenye kosa ambalo halizungumzwi, nalo si la kudhuru utumbo bali la kuifanya dawa yenyewe isifike mahali pake. Siprofloksasini na dawa za jamii ya tetrasaiklini hushikamana na madini ya kalisi, chuma, magnesi na alumini zikiwa bado tumboni, na zikishashikamana haziingii tena katika damu. Kwa sababu hiyo anayetumia dawa hizo hapaswi kuzimeza kwa maziwa wala kwa mtindi. Unga wa mlonge, unaouzwa sana siku hizi kama kinga ya kila kitu, umejaa kalisi na chuma, kwa hiyo nao una haja ya kutengwa. Vilevile tuna emmumbwa, yale mabumba ya udongo uliochanganywa na mitishamba ambayo wajawazito katika Buganda huyasugua na kuyayeyusha katika maji ya kunywa. Udongo wa namna hiyo hunasa dawa, kwa njia inayofanana na ile ya makaa maalumu ya kunasa sumu ambayo hospitali huwa nayo. Mama anayetibiwa maambukizi ya mkojo, akimeza kidonge chake kwa maji ya emmumbwa, anaweza kumaliza dozi yote huku bakteria akipokea sehemu yake tu. Atarudi kliniki, atapewa dawa kali zaidi, na utumbo utapigwa mara ya pili. Kwa siprofloksasini kanuni ni kuimeza angalau muda wa saa mbili kabla ya kitu chenye madini hayo au muda wa saa sita baada yake. Kwa dawa nyingine, mfamasia aulizwe.

Ikiwa majani machungu siyo walinzi, walinzi ni akina nani? Kwa maoni yangu walinzi wenye ushahidi wapo jikoni zaidi ya walivyo katika fungu la mizizi. Jaja yangu, yaani bibi, hakuwa na elimu ya bakteria, lakini mtoto aliyetoka kwenye vidonge alimpa bushera na ndizi zilizopikwa, na majani machungu aliyawekea watoto wenye minyoo. Alikuwa amezitenganisha kazi mbili ambazo sisi tumezichanganya.

Ndizi zinazostahili sifa ni matoke, ndizi mbichi zilizopikwa. Zina wanga mgumu ambao hausagwi juu, unashuka hadi utumbo mpana, na huko bakteria huugeuza kuwa butireti. Huko Dhaka, Bangladesh, watafiti waliwapa watoto 62 wa kiume wenye umri wa miezi 5 hadi 12, waliokuwa na kuhara kusikokoma, chakula cha wali. Kundi moja likaongezewa ndizi mbichi zilizopikwa na kundi jingine pektini, aina ya nyuzinyuzi za matunda. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Kufikia siku ya nne, asilimia 82 ya watoto waliokula ndizi walikuwa wameacha kuhara, ikilinganishwa na asilimia 23 ya waliokula wali peke yake. Utafiti ule haukuhusu matumbo yaliyoharibiwa na antibayotiki, kwa hiyo siwezi kusema kwamba jambo letu limethibitishwa moja kwa moja. Lakini njia ambayo ndizi ilifanyia kazi ndiyo hasa njia ambayo antibayotiki huikata. Sijui mmea wa porini wenye ushahidi ulio karibu hivyo na haja yetu, na matoke yapo katika kila nyumba kuanzia Masaka hadi Bushenyi. Ugali wa wimbi, maharage, kunde na mboga za majani huendeleza kazi hiyohiyo, ingawa katika siku za kwanza za kuhara maharage yaanze kidogo kidogo kwa sababu ya gesi.

Bushera ya Ankole na Kigezi hutengenezwa kwa unga wa mtama au wimbi uliooteshwa. Uji hupikwa kwanza, kisha huongezewa kimea na kuachwa uchachuke. Kwa kuwa uchachushaji unafuata baada ya kupika, bakteria wa asidi ya maziwa wanafika tumboni wakiwa hai. Ile ya siku moja ni tamu na hupewa hata watoto. Ya siku tatu au nne huanza kuwa na kileo, na aliye kwenye metronidazoli anashauriwa kujiepusha na kileo. Maji yanayotumika yawe yamechemshwa. Maziwa ya mgando, ambayo Kampala tunayaita bongo, yana faida ya namna hiyohiyo ikiwa maziwa yalichemshwa kabla ya kugandishwa. Nasisitiza hili kwa moyo wote, kwa sababu maziwa mabichi katika maeneo yetu ya ufugaji huweza kubeba ugonjwa wa brusela, na tiba ya brusela ni antibayotiki mbili kwa pamoja kwa muda wa wiki sita hivi. Mtu aliyekunywa maziwa mabichi ili kuulinda utumbo anaweza kujikuta ameununulia adhabu kubwa kuliko ile ya mwanzo.

Uganda ina bahati katika jambo hili. Wakfu wa Kiholanzi uitwao Yoba for Life umekuwa ukiwawezesha watengenezaji wadogo wa mtindi nchini kutumia bakteria aina ya Lactobacillus rhamnosus, mmoja wa bakteria waliochunguzwa zaidi duniani kuhusu kuhara. Kifuko kimoja cha gramu 1 huchachusha lita 1 ya maziwa, na lita hiyo hutumika kuchachusha lita 100. Mapitio ya tafiti 33 za watoto waliokuwa wakipewa antibayotiki, yaliyotolewa mwaka 2019 na Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalionyesha kwamba watoto waliopewa bakteria hai wa namna hii, yaani probayotiki, walihara kwa asilimia 8, na wale ambao hawakupewa kwa asilimia 19. Mtindi uliwe kwa kupishana na kidonge kwa muda wa saa mbili au zaidi (kwa siprofloksasini ifuatwe kanuni niliyoitaja juu), ili dawa isiwaue bakteria hao mara tu wanapofika.

Msomaji makini atauliza kama basi probayotiki ndiyo jibu la yote. Hapana. Mwaka 2018 watafiti wa Taasisi ya Weizmann nchini Israeli waliwapa watu 21 siprofloksasini na metronidazoli kwa siku 7. Waliopewa baadaye vidonge vya probayotiki vyenye aina 11 za bakteria walichelewa kurudishiwa wakazi wao wa asili, kuliko wale walioachwa bila kitu. Matokeo haya hayapingani na yale ya Cochrane, kwa sababu yanajibu swali jingine: kuzuia kuhara ni jambo moja, na kuwarejesha wenyeji wa zamani ni jambo la pili, na mgeni aliyealikwa kwa wingi anaweza kuwachelewesha wenyeji kurudi. Ndiyo maana naona ni busara mtindi wa kawaida uliwe wakati wa dozi na siku chache baada yake, kisha chakula chenye nyuzinyuzi kiachiwe kazi iliyobaki. Wenye kinga dhaifu sana, au waliolazwa wakiwa na mpira katika mshipa mkubwa, wasitumie vidonge vya probayotiki bila daktari.

Kuhusu mitishamba iliyofungwa katika chupa zenye lebo, Uganda ina taasisi ya serikali ya kuchunguza dawa za asili huko Wandegeya, iliyoanzishwa mwaka 1964, na tangu 2019 ina sheria ya tiba za asili. Wengi wanakumbuka Covidex ya mwaka 2021, dawa ya mitishamba ya wakati wa UVIKO-19, iliyoruhusiwa na mamlaka ya dawa kuwa tiba saidizi, si tiba ya ugonjwa wenyewe, ilhali mitaani ilipokewa kama tiba kamili. Tofauti hiyo isomwe katika kila chupa inayoahidi kusafisha tumbo. Utumbo uliotoka kwenye antibayotiki hauhitaji kusafishwa. Umeshasafishwa kupita kiasi.

Kinga iliyo kubwa kuliko zote hainunuliwi Owino wala famasi, nayo ni kutomeza antibayotiki pasipo haja. Mafua ni ya virusi, na amoksilini haiwagusi virusi. Dozi ya namna hiyo inayachukua madhara yote na kuacha faida. Lakini ikiwa daktari amepima na kuona dawa inahitajika, isikatishwe kwa sababu ya tumbo kabla ya kumwuliza, wala isipunguzwe kwa kuwa mgonjwa ameongeza mitishamba. Mtoto anayehara apewe maji ya ORS (mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) na zinki, ambavyo hupatikana katika vituo vya afya. Damu katika choo, homa, tumbo kujaa na kuuma sana, au kuhara mara tatu na zaidi kwa siku baada ya antibayotiki, hata kama dozi iliisha wiki kadhaa zilizopita, ni sababu ya kwenda hospitali na kuzitaja dawa zote ulizomeza, na mitishamba yote uliyokunywa, bila kuona haya. Nyumbani, anayemhudumia mgonjwa huyo anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa sababu mbegu za Clostridioides difficile hazifi kwa vitakasa mikono vya spiriti.